Kanuni Mpya, Kuta za Zamani: Usalama wa Nyumba za Kupanga katika Ujiji na Kigoma

Mji wa Ujiji umezitangulia karibu kanuni zote za ujenzi zilizopata kuandikwa katika nchi hii. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, ulikuwa tayari mji wa biashara wenye nyumba za Waswahili na Waarabu. Kigoma, jirani yake, ulikuzwa na Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914. Siku hizi miji hiyo miwili ni manispaa moja, na katika mitaa yake zimesimama nyumba nyingi zenye umri wa miaka 40, 60, au zaidi. Nyingi miongoni mwazo hupangishwa chumba kimoja kimoja: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, jiko na choo uani. Hivyo watu wa familia tatu au nne hulala chini ya paa moja ambalo si lao, na nguvu za kuta zinazolibeba hawakupata kuulizwa wala kuelezwa.

Je, kanuni za ujenzi zinapobadilika, nyumba hiyo nayo hulazimika kubadilika? Jibu la haraka ni kwamba kwa kawaida sheria hutazama mbele. Kanuni za ujenzi mijini za mwaka 1930, zilizotungwa enzi za Waingereza, na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008, zote humkabili zaidi mtu anayetaka kujenga. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 yataka kibali kabla ya kuendeleza kiwanja, na kuendeleza maana yake ni pamoja na kujenga, kuongeza jengo, au kubadili matumizi yake. Nyumba iliyosimama bila kuguswa haiombewi kibali kipya.

Lakini ukuta haujui tarehe ya kibali chake, nayo ardhi ya Kigoma haijatulia. Ziwa Tanganyika limelala katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako gamba la dunia linaendelea kutanuka polepole. Ndiyo sababu kina chake kinazidi meta 1,400. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Rukwa, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa barani Afrika katika karne ya ishirini. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia chini ya ziwa lenyewe, kusini mwa Kigoma, likabomoa nyumba katika mji wa Kalemie ng'ambo ya pili. Hata tetemeko dogo kuliko hayo laweza kuua. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu, lakini watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda.

Kwa nini ukuta huanguka? Hesabu ya kidato cha pili yatosha kueleza. Chukua ukuta wa matofali ya kuchoma wenye urefu wa meta 3, kimo cha meta 2.5 na unene wa sentimeta 23. Ujazo wake ni kama meta za ujazo 1.7, na kwa kuwa meta moja ya ujazo ya matofali huwa na tungamo la kilo 1,800 hivi, ukuta wote una kilo 3,100 hivi. Sasa ardhi iutikise kwa mchapuko wa meta 2 kwa sekunde kwa sekunde, yaani sehemu ya tano hivi ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Kani ni tungamo mara mchapuko: niutoni 6,200. Ni kana kwamba uzito wa magunia 6 ya mahindi, kila moja la kilo 100, unausukuma ukuta ubavuni, mara upande huu, mara upande ule.

Tofali hustahimili sana kugandamizwa. Hubeba paa miaka mingi bila taabu. Kuvutwa halistahimili. Ukuta unaosukumwa ubavuni hujaribu kupinda, na upande mmoja wake huvutwa. Kama matofali yameunganishwa kwa tope badala ya saruji, kiungo hicho karibu hakina nguvu yoyote ya kuzuia mvuto. Ufa huanzia pembeni, mahali kuta mbili zinapokutana, au juu ya dirisha. Kisha kila ukuta hucheza peke yake mpaka uanguke. Nyumba yenye lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, hutenda tofauti: kuta zake hufungwa pamoja kama mbao za pipa ndani ya pete ya chuma. Nyumba nyingi za zamani hazina mkanda huo. Ajabu ni kwamba nyumba duni ya miti na fito iliyokandikwa udongo, ambayo kila mtu huidharau, mara nyingi huyumba bila kuporomoka, maadamu miti yake haijaliwa na mchwa.

Adui wa pili ni maji. Tofali bichi likiloa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na maji hupanda ndani ya ukuta kutoka msingini kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo huipa nyumba sura ya kisasa, na pengine kodi hupandishwa kwa ajili yake. Lakini huuzuia unyevu kutoka, na ukuta huendelea kulainika nyuma yake pasipo mtu kuona.

Ni hapa inapofaa kurudi kwenye sheria, kwa maana kanuni za ujenzi si mlango pekee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, huyahesabu masharti fulani kuwa yamo ndani ya mikataba ya kupangisha hata kama hayakutamkwa. Nyumba au chumba cha kuishi sharti kiwe kinafaa kukaliwa siku upangishaji unapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangishaji. Iwapo sehemu tu ya jengo ndiyo iliyopangishwa, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba. Masharti haya hayaulizi nyumba ilijengwa mwaka gani. Wala mpangaji wa muda mfupi hahitaji karatasi ili yamhusu, kwa kuwa upangishaji wa namna hiyo waweza kufanywa kwa mdomo.

Basi swali ni mawili, si moja. Namna ya kujenga hufuata kanuni za siku ile ya kujenga. Kufaa kukaliwa hupimwa leo. Nyumba ya mwaka 1955 haivunji sheria kwa kukosa lenta. Lakini yenye ukuta ulioachana na mwenzake pembeni, au uliolainika chini, haifai kukaliwa, na umri wake si udhuru. Tena mwenye nyumba akibomoa ukuta wa mbele ili afungue duka barabarani, amejiingiza mwenyewe katika sheria mpya.

Ugumu uko katika kudai haki hiyo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyompa mpangaji kinga dhidi ya kuondolewa ovyo, ilifutwa mwaka 2005. Mpangaji anayelalamikia ufa huogopa kuambiwa ahame.

Kando ya maji kuna utata wa namna yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufuko wa ziwa. Lakini Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1870 uso wake ulikuwa juu zaidi kwa meta kadhaa, mpaka maji yalipozibua mto Lukuga na kushuka. Mahali Livingstone alipokutana na Stanley, palipokuwa karibu na maji, sasa pako mbali nayo. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda, na mwaka 2024 likapanda tena. Nyumba iliyojengwa meta 80 kutoka ufukoni yaweza kujikuta ndani ya mpaka bila kusogea hata hatua moja.

Nchi nyingine zimekwisha kulikabili tatizo la majengo ya zamani. Mji wa Los Angeles, Marekani, ulikataza kuta za matofali zisizo na nondo baada ya tetemeko la mwaka 1933, lakini zile zilizokwisha kujengwa ziliachwa. Ni mwaka 1981 tu ndipo mji huo ulipoamuru kwamba hizo nazo, majengo kama 8,000, ziimarishwe au zibomolewe. Haukudai zifanane na majengo mapya. Ulidai zaidi kuta zifungwe kwenye sakafu na paa ili zisiwaangukie watu.

Hilo ndilo linaloweza kuigwa Ujiji. Kudai nyumba nzima ijengwe upya ni kuwafukuza wapangaji kwa jina la kuwaokoa. Lakini mabati yana umri wake, na ukutu unapoyala mwenye nyumba huyaondoa atake asitake. Siku hiyo vichwa vya kuta huwa wazi. Safu mbili za juu za matofali zaweza kutolewa, mkanda wa zege ukamwagwa juu ya nondo, na boriti za paa zikafungwa kwenye mkanda huo kabla ya bati jipya kupigiliwa. Halmashauri ikilifanya hilo kuwa sharti la kuezeka upya nyumba ya kupanga, fundi yumo kazini tayari, na ngazi imekwisha kuegemezwa ukutani.