Ufuo wa Kalemie Unatosha Kuwa Sanaa

Ukisema unapiga picha za mandhari, wengi hutarajia machweo au milima. Reli yenye kutu, ukuta uliobanduka rangi na mitumbwi iliyovutwa mchangani huonekana si kitu. Mazoea hayo yanatunyima sanaa iliyo mlangoni petu.

Mwaka 1975, maonyesho ya New Topographics huko Rochester, Marekani, yaliwakusanya wapigapicha walioelekeza kamera kwenye viwanda, barabara na nyumba za kawaida. Hawakuzipamba, walionyesha jinsi binadamu anavyoibadili ardhi. Karibu nasi, mpigapicha Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika kazi yake ya Mémoire (2006), aliunganisha picha za zamani za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni na mandhari ya leo ya viwanda vya madini vilivyochakaa. Majengo ambayo watu huyapita kila siku yakawa ushahidi.

Kalemie ina mengi ya namna hiyo, ila lazima uujue mwanga wake. Mji uko upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua huchomoza ziwani. Asubuhi ukielekeza kamera majini, mitumbwi huwa vivuli vyeusi, na umbo lake ndilo hubeba picha. Alasiri jua huwa nyuma yako: rangi za mbao, nyavu na ndakala (dagaa) walioanikwa hujitokeza. Kiangazi, moshi wa mbuga zinazochomwa hufifisha upeo. Baada ya mvua hewa hung'aa.

Kisha amua picha inasema nini. Reli ya kutoka mji wa Kabalo, iliyofika ziwani 1915, inaweza kusimulia kazi au uchakavu. Ukitaka kazi, ngoja wabebaji wapite. Ukitaka uchakavu, inama karibu na kutu. Kisichosaidia kauli hiyo kiache nje ya fremu. Bandarini, stesheni na darajani omba ruhusa kwanza.

Rudi pia mahali pale pale, kwa sababu ufuo hubadilika. Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji ziwani, na ziwa linapofurika, kama mwaka 2024, nyumba za ufuoni huingiliwa na maji. Picha moja ya ufuo huo yaweza kupendeza. Mfululizo uliopigwa kila mwezi, kutoka pembe ile ile, utawaonyesha wajukuu maji yalifika wapi na nani alikuwa akiishi hapo.