Madaftari ya Posta Yafufua Vijiji Vilivyosahauliwa

MTU akifa huacha kaburi, na kaburi likitunzwa watu hujua alipolala. Kijiji nacho kikifa huacha nini? Nyumba za mbao huoza, visima hujaa mchanga, njia humea nyasi. Baada ya vizazi viwili huwa hakuna ajuaye kwamba hapo palikuwa na watu waliooana, wakazaa, wakauza mahindi yao na kuandikiana barua na jamaa zao wa mbali.

Bahati nzuri ni kwamba hizo barua ziliacha alama. Huko Marekani, wanaotafuta asili ya vijiji vilivyotoweka wamempata shahidi mmoja asiyechoka, naye ni daftari la posta. Ramani za zamani mara nyingi ziliviruka vijiji vidogo. Hesabu ya watu ilifanywa mara moja tu kila miaka kumi, hivyo kijiji kilichoanza mwaka wa 1881 na kufa mwaka wa 1888 hakikuhesabiwa hata mara moja. Lakini posta haikuweza kupeleka mfuko wa barua mahali pasipo na jina. Hata watu wachache walipoomba posta, ilibidi jina la mahali pao liandikwe.

DAFTARI LINASEMA NINI

Nyaraka hizo zimehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Kuna madaftari ya uteuzi wa wakuu wa posta kuanzia mwaka wa 1832 hadi 1971. Humo huandikwa jina la posta, wilaya na jimbo, jina la mkuu wake na tarehe aliyoteuliwa. Posta ilipofungwa, tarehe yake iliandikwa pia, na mara nyingi pakatajwa mahali ambapo barua zingepelekwa tangu siku hiyo. Hapo mtafutaji hupata fununu kubwa, kwa maana huko zilikoelekezwa barua ndiko wenyeji walikokuwa wakienda sokoni.

Kuna pia karatasi za kueleza mahali posta ilipo, kuanzia mwaka wa 1837 hadi 1950. Aliyetaka kufungua posta aliulizwa maswali mengi: Mto ulio karibu ni upi, nao uko umbali gani? Reli iko upande gani? Posta jirani ni zipi? Watakaohudumiwa ni watu wangapi? Wengi walitakiwa wachore na ramani. Hivyo mwenye duka ambaye labda hakuwahi kuchora kitu maishani mwake aliacha picha ya kijiji chake, na pengine hiyo ndiyo picha pekee iliyobaki.

Hata hivyo, mtafutaji inampasa awe mwangalifu. Posta ndogo hazikuwa na majengo yake. Zilikaa katika pembe ya duka au katika sebule ya mtu. Mkuu wa posta akibadilika, na mara nyingi alibadilika serikali ilipobadilika, posta ilihamia kwa mrithi wake, hata kama anaishi maili kadhaa kutoka hapo. Jina likabaki lile lile ilhali mahali si pale pale.

KIJIJI CHA LINCOLN

Mfano maarufu ni New Salem, katika jimbo la Illinois. Kijiji hicho kilianzishwa karibu na mwaka wa 1829, juu ya kilima kando ya mto. Mwezi wa Mei mwaka wa 1833, kijana mmoja mrefu aliyeitwa Abraham Lincoln aliteuliwa kuwa mkuu wa posta hapo. Husimuliwa kwamba alikuwa akitia barua ndani ya kofia yake na kuwapelekea wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka wa 1836 posta hiyo ilihamishiwa Petersburg, mji uliokuwa ukikua karibu. Kufikia mwaka wa 1840 hivi, New Salem ilikuwa imehamwa. Lincoln alikuja kuwa Rais wa Marekani, ndiyo sababu kijiji chake kilijengwa upya ili watu wakitazame. Lakini vijiji vingapi vilikufa vivyo hivyo, bila ya kuwa na Lincoln wa kuvikumbusha?

WATU WEUSI WALIOTAFUTA KWAO

Katika jimbo la Kansas kuna mahali paitwapo Nicodemus. Mwaka wa 1877 watu weusi waliokuwa wametoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky, walihamia huko kutafuta ardhi yao wenyewe. Hawakukuta miti ya kujengea, wakachimba makao ardhini. Baadaye wakapata makanisa, shule, maduka, hoteli na posta. Jambo la posta halikuwa dogo. Mtu ambaye babake aliuzwa kama ng'ombe sasa alikuwa na anwani, na serikali iliyowahi kumhesabu kuwa mali ya mwingine ilimletea barua zenye jina lake.

Mwaka wa 1888 reli iliyotarajiwa ilipita mbali, ng'ambo ya mto, na wafanyi biashara wakaifuata. Posta ya Nicodemus yenyewe ilikawia, ikafungwa mwaka wa 1953. Hapa kuna funzo: posta kufungwa si dalili ya hakika kwamba jamii imekufa. Kila mwaka wazawa wa Nicodemus waliotawanyika hurudi kusherehekea ukombozi wa wazee wao, na mwaka wa 1996 serikali ilipafanya mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa.

Mara nyingine mstari mmoja wa daftari huficha damu. Mwaka wa 1897 Frazier Baker, mwalimu mweusi, aliteuliwa kuwa mkuu wa posta wa Lake City, South Carolina. Wazungu wa hapo walimkataa. Usiku mmoja wa Februari mwaka wa 1898 kundi la watu liliitia moto nyumba yake, ambayo pia ndiyo iliyokuwa posta, wakaipiga risasi jamaa yake ilipokuwa ikikimbia. Baker aliuawa pamoja na binti yake mchanga. Watu 13 walishtakiwa, lakini baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana. Mwaka wa 2019 posta ya Lake City ilipewa jina la Frazier Baker.

ZILIKWENDA WAPI?

Mwaka wa 1901 Marekani ilikuwa na posta 76,945, idadi ambayo haijawahi kufikiwa tena. Kilichoziua nyingi ni jambo jema. Mwaka wa 1896 ulianza mpango wa kuwapelekea wakulima barua hadi mlangoni, nao ukathibitishwa mwaka wa 1902. Mkulima hakuwa na haja tena ya kufunga farasi aende dukani kuuliza barua. Posta ya kijiji ikafungwa, anwani ikawa ya mji wa mbali, na jina la kijiji likaanza kusahaulika.

NA HUKU KWETU?

Huku Kenya pia posta ni shahidi. Mji wa Eldoret ulianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64, na wenyeji wakapaita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka wa 1912. Mihuri ya barua za zamani bado inataja Fort Hall badala ya Murang'a, Thomson's Falls badala ya Nyahururu, na Broderick Falls badala ya Webuye.

Lakini shahidi wetu huyu ana upungufu wake. Posta ya wakati wa ukoloni ilifuata reli, boma na mashamba ya walowezi. Anayetafuta kijiji chao katika orodha zake atakuta stesheni ya gari la moshi na shamba la bwana fulani, asimkute babu yake. Wengi wetu barua zetu zilipitia sanduku la shule, la misheni au la mwenye duka sokoni, na sanduku moja lilitosha watu wa vijiji kadhaa.

Kwa hivyo daftari letu hasa ni bahasha. Upande mmoja pana muhuri wenye jina la posta na tarehe, na upande ulioandikwa anwani pana jina la mpokeaji, la mwalimu au padre aliyempokelea, pengine hata la chifu na kata yake. Bahasha moja huweza kuonyesha ni watu gani walitegemea sanduku gani, na mwaka gani. Lakini bahasha hizo zimo katika masanduku ya bati ya akina nyanya zetu, na kila mara nyumba inaposafishwa, ndizo za kwanza kuwashiwa moto. Afadhali zitazamwe kwanza, na mzee angali hai aulizwe: huyu aliyeandikiwa ni nani, na huko alikokuwa akiishi palikuwa pakiitwaje?