Konokono Mwenye Chusa

Wanachama wa vyama vya wavuvi, hasa wale wachokoao pweza na kuokota makombe maji yanapokupwa, yawapasa kumtambua konokono wa jamii ya koni. Kombe lake limechongoka mfano wa pia, lina madoa ya kupendeza, nalo huuzwa kwa watalii. Ndiyo sababu mikono humwendea upesi.

Zipo aina zaidi ya 700, nyingi katika bahari za joto. Mchana hujificha mchangani au chini ya vipande vya matumbawe; usiku hutoka kuwinda. Walio wengi hula minyoo tu, baadhi hula konokono wenzao, na wachache hula samaki. Mtu atajiuliza, mnyama aendaye polepole hivyo awezaje kumnasa samaki? Jino lake lina uwazi ndani kama sindano na ncha zilizorudi nyuma mithili ya chusa, nalo hulichoma kwa mkonga wake likiwa na sumu. Kila jino hutumika mara moja, na akiba ya mengine ipo.

Mwenye hatari kupita wote ni Conus geographus, apatikanaye pia katika miamba ya Afrika Mashariki, na ambaye hufikia sentimita 15. Amekwisha kuua watu. Kumshika upande mpana si kinga, maana mkonga hujipinda. Wala asitiwe mfukoni. Mchomo waweza usiume sana, ila ganzi hufuata, kisha misuli ya kupumulia hulegea. Dawa ya kuiua sumu hiyo haijapatikana: mgonjwa atulizwe asitembee, akimbizwe hospitalini, na pumzi ikikatika apuliziwe mdomoni mpaka afikishwe.