Ngege Wakisusia Chakula, Usiongeze: Tafuta Sababu Kwanza

Mfugaji wa samaki anaporusha chakula majini na kuona chembe zikielea bila kuguswa, mara nyingi hufanya mojawapo ya mambo mawili: huongeza chakula au hukimbilia dukani kununua gunia la aina nyingine. Yote mawili yanaweza kumtia hasara zaidi. Samaki aliyeacha kula huwa ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo majini wala si kwenye gunia.

Makala haya yanawalenga wakaazi wa Homa Bay na majirani zetu wa Migori wanaofuga tilapia, ambaye wengi wetu humwita ngege. Wako wenye vizimba ziwani, kuanzia Mbita na Sindo hadi Karungu na Muhuru Bay, na wako wenye vidimbwi huko bara, Rangwe, Ndhiwa, Rongo na Kuria.

Hasara yenyewe ni kiasi gani?

Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za kufuga samaki. Chukua kidimbwi cha mita 300 mraba chenye samaki 1,000, kila mmoja akiwa na gramu 100. Jumla ya uzito wao ni kilo 100. Kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito, wanahitaji kilo 3 za chakula kwa siku. Nusu yake ikiachwa majini, unapoteza kilo moja na nusu kila siku, yaani kilo 45 kwa mwezi. Tena chakula hicho hakipotei tu. Huzama, huoza na kumaliza oksijeni ambayo samaki wanaitegemea. Ndiyo maana kuongeza chakula kwa samaki wasiokula kunaweza kuwaua.

Sababu ya kwanza: hewa majini

Usiku, mimea na viumbe vyote majini hutumia oksijeni bila kuizalisha, hivyo kiwango chake huwa cha chini kabisa alfajiri. Ukiwalisha saa kumi na mbili asubuhi, unawapa chakula wakati wanahangaika kupumua. Subiri hadi saa nne asubuhi, jua likishapanda, kisha uwalishe tena saa kumi jioni.

Pima rangi ya maji kwa mkono wako. Utumbukize polepole, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji hayo ni ya kijani kupita kiasi au yana tope. Acha kutia mbolea, punguza sehemu ya maji na uingize maji safi. Ukiona samaki wamejaa juu wakipanua midomo asubuhi, usiwalishe siku hiyo. Ingiza maji safi mara moja.

Sababu ya pili: baridi

Ngege hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selisiasi. Yakishuka chini ya 20, hamu yao hupungua sana. Wenye vidimbwi katika sehemu za juu huliona hili kati ya Juni na Agosti, na pia baada ya mvua kubwa. Huo si ugonjwa. Punguza chakula, lisha mchana kukiwa na jua, na ukate matawi yanayofunika kidimbwi kwa kivuli.

Sababu ya tatu: mama analea

Ngege jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni kwa muda wa takriban wiki mbili, na katika kipindi hicho karibu hali kabisa. Dume naye huchimba kiota na kukilinda badala ya kutafuta chakula. Ukiwa na madume na majike pamoja kidimbwini, sehemu ya samaki wako itakuwa inafunga kila wakati, na vifaranga watakaozaliwa watagombea chakula na wakubwa. Ukivua jike mwenye kidevu kilichotuna, umepata jibu. Msimu ujao nunua vifaranga wa kiume pekee kutoka kituo cha kutotolesha kinachoaminika.

Sababu ya nne: wageni na wababe

Vifaranga waliotoka safarini wanaweza kukaa siku moja au mbili bila kula. Waache watulie, kisha uanze na kiasi kidogo. Ngege pia wana ubabe: wakubwa huwafukuza wadogo pale chakula kinapoangukia. Tenganisha samaki kwa ukubwa, na utawanye chakula kwa upana.

Sababu ya tano: chakula chenyewe

Chembe kubwa kuliko mdomo wa samaki hazitaliwa hata ziwe bora namna gani. Vifaranga wanahitaji unga au chembe ndogo zenye protini ya takriban asilimia 40, na wakubwa hutosheka na takriban asilimia 30. Ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa wiki moja, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu. Chakula chenye ukungu kina sumu. Kitupe, usijaribu kukianika.

Kwa wenye vizimba

Nyavu zilizozibwa na uchafu huzuia maji kupita, na magugu maji yakizingira kizimba hewa hupungua. Safisha nyavu mara kwa mara. Upepo mkali ukichafua ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu. Samaki wote wakiacha kula kwa ghafla katika hali hiyo, hiyo ni dalili ya hatari. Simamisha chakula na uwajulishe wenye vizimba vya jirani na viongozi wa ufuo.

Namna ya kuwarejesha kwenye kula

Ukishashughulikia sababu, ruka siku moja bila kulisha. Siku ya pili tumia chakula kinachoelea, mahali palepale na saa ileile. Rusha kidogo, ngoja wakimalize, kisha urushe tena. Wakipunguza kasi, acha. Kinachobaki baada ya dakika 15 ni cha ziada, hivyo kiopoe na upunguze kipimo cha kesho. Kila wiki mbili pima samaki 30, upate wastani wa uzito, na upange chakula upya. Yaandike yote daftarini.

Wakati wa kuita msaada

Samaki wakiwa na vidonda, wakiogelea ubavu au wakifa kila siku, usinunue dawa kwa kubahatisha na usiwauze. Wazike waliokufa mbali na maji, usiwatupe ziwani. Mwone afisa wa uvuvi katika wadi au kaunti ndogo yako, na uende na daftari lako. Saa za kulisha, kiasi ulichorusha na siku samaki walipoacha kula ndiyo mambo ya kwanza atakayokuuliza.