Nyota ya kwanza ya Léopards ilitoka Addis-Abeba, si Ujerumani

Kila Léopards wanapocheza, mabishano yanaanza tena. Iwe Sake, Nyabiondo, Mubi ao Walikale-Centre, watu wanakusanyika kwenye radio moja ao simu moja, na kila mutu ana hesabu yake. Mmoja anasema Kongo imebeba Kombe la Afrika mara mbili. Mwingine anasema mara ine. Kijana anasema historia yetu inaanza Ujerumani mwaka 1974. Mzee anakataa, anasema ilianza mbele ya pale.

Mzee anasema kweli. Kombe la Afrika la Mataifa, ile tunaita CAN, tumelibeba mara mbili: 1968 na 1974. Zile zingine mbili, za 2009 na 2016, ni za CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ndani ya inchi zao tu. Nazo ni kombe za kweli, lakini si mashindano mamoja. Leo tunaeleza ile ya 1968, juu ya ndiyo vijana wengi hawaijui.

Mwanzo: inchi tatu tu

CAN ilianza Februari 1957 kule Khartoum, Sudan. Inchi tatu tu zilicheza: Sudan, Misri na Ethiopia. Afrika Kusini ilipashwa kuwa ya ine, lakini serikali yake ya ubaguzi haikukubali kutuma ekipe moja ya weusi na weupe pamoja, ikabaki inje. Misri ikachukua kombe.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa bado koloni ya Ubelgiji. Mupira ulikuwa unachezwa sana Léopoldville na Élisabethville, lakini hatukuwa na bendera yetu wala kiti chetu katika mashindano yale. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na CAN yetu ya kwanza ikawa ya 1965, kule Tunisia. Haikuenda vizuri. Ghana walitupiga 5-2, Côte d'Ivoire wakatupiga 3-0. Mechi mbili, kisha nyumbani.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu wanaotafuta matokeo ya zamani. Mwaka 1965 utakuta jina Congo-Léopoldville. Mwaka 1968 utakuta Congo-Kinshasa. Mwaka 1974 utakuta Zaïre. Ni inchi moja hii yetu, jina tu ndilo lilibadilika. Na majina ya watu na ya ekipe yalibadilika vilevile: TP Englebert ya Lubumbashi ndiyo TP Mazembe ya leo.

Namna gani ekipe iliyopigwa iligeuka ekipe ya kombe

Kati ya 1965 na 1968, mambo matatu yalifanyika.

La kwanza, wachezaji walirudishwa nyumbani. Wakongo wengi wazuri walikuwa wanacheza Ubelgiji. Mobutu, ambaye alikamata utawala Novemba 1965, aliamuru mwaka 1966 warudi wachezee inchi yao. Watu wakawaita "Belgicains". Ekipe nayo ikapewa jina la Léopards, yaani Chui, mnyama ambaye Mobutu alimfanya alama ya utawala wake.

La pili, ekipe za ndani zilipata nguvu. Mwaka 1967 TP Englebert ilichukua kombe la ekipe bingwa za Afrika mbele ya Asante Kotoko ya Ghana. Wachezaji wake waliingia katika ekipe ya taifa wakiwa wamezoea kukutana na watu wakubwa.

La tatu, kulikuwa na kazi ya kweli ya antrenere. Aliyeongoza ekipe mwaka 1968 alikuwa Mhungaria, Ferenc Csanádi.

Tusisahau hali ya inchi wakati ule. Uasi wa 1964 ulikuwa umepita karibu kila pembe ya mashariki. Kisha, mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme wakashika Bukavu toka Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, mji ukaharibika, na raia wakakimbia. Tunaposema Bukavu, si mambo ya mbali na sisi: toka 1966 Kivu ilikuwa provinsi moja, na teritware za Masisi na Walikale ziliongozwa toka kule. Kivu ya Kaskazini ilikuja kuwa provinsi yake tena mwaka 1988. Basi mamluki walivuka kwenda Rwanda mwanzo wa Novemba 1967, na CAN ikaanza tarehe 12 Januari 1968. Katikati hapo, miezi miwili tu na siku chache.

Asmara: Kongo mbili katika kikundi kimoja

CAN ya 1968 ilifanyika Ethiopia. Ilikuwa mara ya kwanza inchi nane kucheza. Mbele ya pale hazikupita sita. Ziligawanywa katika vikundi viwili. Kule Addis-Abeba walikuwa Ethiopia, Côte d'Ivoire, Algeria na jirani zetu Uganda. Uganda walipoteza mechi zote tatu. Sisi tulitumwa Asmara, mji ambao leo ni mji mkuu wa Eritrea lakini wakati ule ulikuwa ndani ya Ethiopia. Tulikuwa pamoja na Ghana, Senegal, na Kongo ile ya ngambo ya muto, Congo-Brazzaville.

Miji yote miwili iko juu sana, zaidi ya metre 2.000. Mutu wa Masisi anayelala penye baridi ya milima anajua maana yake: kama hujazoea, ukikimbia kidogo tu pumzi inapungua.

Wakati ule kushinda kulileta pointi mbili, sare pointi moja, na ekipe mbili za kwanza za kila kikundi ziliendelea. Tulipiga Congo-Brazzaville 3-0. Ghana wakatupiga 2-1. Kwa hiyo mechi na Senegal ilikuwa ya kufa na kupona, na tulishinda 2-1. Ghana wakawa wa kwanza na pointi tano, sisi wa pili na ine.

Katika nusu finali tulipanda Addis-Abeba kukutana na wenye nyumba, Ethiopia, mbele ya watu wao. Dakika 90 ziliisha bila mshindi. Katika dakika za nyongeza, zile tunaita prolongasio, Kongo ikashinda 3-2. Upande mwingine Ghana waliwatoa Côte d'Ivoire 4-3. Katika ile Côte d'Ivoire kulikuwa kijana Laurent Pokou, ambaye alimaliza mashindano na mabao sita, mengi kupita wote.

Tarehe 21 Januari 1968

Finali ilikuwa basi na wale wale Ghana. Walikuwa wamebeba kombe la 1963 na la 1965. Walikuwa wametupiga 5-2 miaka miwili na kitu mbele ya pale, na 2-1 siku chache tu zilizopita. Mutu angesema kila kitu kilikuwa upande wao.

Bao moja ndilo lilitosha. Dakika ya 66 Pierre Kalala, ambaye wengine wanamjua kwa jina la Kalala Mukendi, mchezaji wa TP Englebert, akafunga. Mechi ikaisha 1-0, na kombe la kwanza likaingia Kongo.

Mwaka 1974, kule Misri, Zaïre ikachukua la pili mbele ya Zambia. Finali ilichezwa mara mbili juu ya ile ya kwanza iliisha 2-2. Ya pili ilikuwa 2-0. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote ine ya finali zile, na tisa kwa mashindano mazima. Ni kisha ile ndipo Léopards wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika kule. Walipoteza mechi zote tatu, moja 9-0 mbele ya Yugoslavia. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na roho ya kucheza ilikuwa imekufa.

Kombe lilibakisha nini?

Hapa ndipo sisi wa huku tunapashwa kufikiri. Kombe la 1968 lilipa watu furaha kisha vita, na hiyo si kitu kidogo. Lakini utawala ulilitumia kujijenga jina, na wachezaji wengi walizeeka bila msaada. Ndaye Mulamba mwenyewe alipigwa risasi na wanyanganyi mwaka 1994, kisha alipotoka Tunisia alikopewa heshima, akaishia ukimbizini Afrika Kusini mpaka kufa kwake mwaka 2019.

Tena, ile ekipe ilijengwa zaidi na wachezaji wa Kinshasa na Lubumbashi. Sababu si kwamba kwingine hakukuwa na miguu ya mupira. Kule kulikuwa viwanja, ekipe zenye pesa, na mechi za kila juma ambako mtafuta wachezaji angeweza kuona kijana. Mtoto wa Pinga ao wa Rubaya anahitaji nini ili aonekane? Kiwanja kisichogeuka kambi ya wakimbizi, barabara ya kumfikisha kwenye mashindano, na amani ya miaka mingi mfululizo. Wale wa 1968 walihitaji miaka miwili na kitu ya kujipanga, na walikuwa na viwanja na ekipe zenye pesa mkononi.

Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, mbele ya nusu finali na Côte d'Ivoire, Léopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja kwenye mudomo, vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Siku zile mapigano yalikuwa karibu na Sake, na watu wengi wa Masisi walikuwa njiani kukimbilia Goma. Dunia nzima iliona. Mechi tulipoteza 1-0, na vita haikuisha juu ya ile. Lakini wengi wa huku walisema walijisikia wametajwa.

Ekipe ya taifa haiwezi kuleta amani. Inaweza kusema tuko, na mwaka 1968 ilisema vile pia, wakati Kivu ilikuwa bado inazika watu wake. Basi kama nyumbani kwenu kuna papa ao mama aliyesikia kwa radio habari za lile bao la Kalala, muulize akuelezee siku ile ilikuwa namna gani kijijini kwenu. Matokeo ya mechi yameandikwa. Maneno yao, sehemu nyingi, bado.