Msikiti uliochorwa na Mprotestanti

Mara nyingi tunasikia swali hili: je, fundi Mkristo aweza kupokea kazi ya kujenga msikiti? Huko Jakarta, Indonesia, Friedrich Silaban aliipokea. Mprotestanti huyu wa kabila la Batak alishinda shindano la mwaka 1955 la kuchora msikiti wa Istiqlal, jina lenye maana ya uhuru. Kuba lake lina upana wa mita 45, ukumbusho wa mwaka 1945, nalo linabebwa na nguzo 12. Kuta zake ni nyavu za chuma zinazopitisha upepo (joto la Jakarta si mchezo). Ulifunguliwa mwaka 1978. Silaban alibaki Mprotestanti. Ng'ambo ya barabara liko kanisa kuu la Wakatoliki. Siku za sikukuu, waumini huegesha magari kwa jirani.