Akiba ya Umeme Haiozi, Lakini Ina Bei Yake

Katika nyumba nyingi za Kigali, kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko, umeme haulipiwi baada ya kutumiwa. Hununuliwa kwanza, kama unga au mafuta ya kupikia, kisha hutumiwa kidogo kidogo mpaka mita ionyeshe sufuri na nyumba iingie giza. Wenyeji huiita mita hiyo Cash Power. Haileti ankara, haidai deni, wala haimngojei askari arudi kutoka zamu ya usiku. Fedha zikiisha, hukata yenyewe.

Kwa familia ya askari jambo hili lina uzito wa pekee. Mshahara huja mara moja kwa mwezi. Baba au mama aweza kuwa mbali, katika kambi ya mikoani au katika jeshi la kulinda amani huko Afrika ya Kati au Sudan Kusini, na yule aliyebaki nyumbani ndiye msimamizi wa mita. Kwa hiyo wengi, mara tu mshahara unapoingia, hununua umeme mwingi kwa mkupuo, wakijiliwaza kwa methali kwamba akiba haiozi. Ni kweli haiozi, kwani yuniti zilizomo katika mita hazifutiki mwezi unapokwisha. Hata hivyo, akiba hiyo yaweza kuwa imenunuliwa kwa bei ya juu pasipo mwenyewe kutambua.

Sababu yake ni ngazi za bei. Tangu mwaka 1976 umeme wa Rwanda ulikuwa mikononi mwa shirika la Electrogaz. Leo kazi hiyo ni ya REG, iliyoanzishwa mwaka 2014, na kampuni yake ya EUCL ndiyo inayowauzia wananchi. Bei yenyewe hutangazwa na RURA, mamlaka ya nchi inayosimamia huduma za umma. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2020, mathalani, yuniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa faranga 89 kila moja. Zilizofuata, hadi kufikia 50, ziliuzwa faranga 212 kila moja, na zilizozidi 50 ziliuzwa faranga 249, kabla ya kuongezwa kodi ya asilimia 18. Mwezi mpya ukiingia, hesabu huanza tena chini kabisa.

Na ichukuliwe mifano ya nyumba mbili, kila moja ikitumia yuniti 30 kwa mwezi. Nyumba ya kwanza hununua 30 kila mwezi. Kwa viwango hivyo hulipa faranga 4,515 kwa mwezi, yaani 9,030 kwa miezi miwili. Nyumba ya pili hununua 60 kwa pamoja ili zitoshe miezi miwili. Hiyo hulipa faranga 11,245. Umeme ni ule ule, mwanga ni ule ule, lakini nyumba ya pili imepoteza faranga 2,215 kwa kuwa iliziacha bure yuniti 15 za bei nafuu za mwezi wa pili. Kununua mara moja au mara kumi ndani ya mwezi mmoja hakuna tofauti, kwa sababu kinachohesabiwa ni jumla ya mwezi.

Hesabu hiyo hiyo huwaumiza wapangaji wa ua mmoja wanaotumia mita moja. Kaya tatu zenye mita tatu, kila kaya ikitumia yuniti 20, zingelipa jumla ya faranga 7,185. Zikiwa na mita moja, yuniti hizo 60 ni faranga 11,245. Ndipo ugomvi wa uani unapoanza, kila mmoja akimshuku jirani kwa pasi yake au jokofu lake, ilhali sehemu kubwa ya hasara imeletwa na mita yenyewe kuwa moja. Wanaoweza kuomba mita ya peke yao wana faida. Wasioweza, heri wakubaliane mapema na kuandika vyombo vya kila kaya, kuliko kugawana sawasawa kati ya mwenye taa moja na mwenye jokofu.

Bei hubadilika kila itangazwapo upya, na yafaa kuuliza ngazi za sasa kabla ya kupanga. Lakini utaratibu wa nyumbani ni mmoja. Kwanza, mita isomwe kila Jumapili jioni na tarakimu ziandikwe daftarini. Baada ya wiki nne mama wa nyumbani atajua mahitaji yake halisi. Pili, kinunuliwe cha kufikisha mwisho wa mwezi pamoja na akiba ya siku tatu au nne, na fedha iliyobaki ihifadhiwe kama fedha. Tatu, nambari ya mita isomwe mara mbili kabla ya kulipa kwa simu au kwa wakala, maana tarakimu 20 zinazotolewa hukubaliwa na mita ile moja tu, na kwa mara moja tu. Aliye kambini ndani ya nchi aweza kulipa kwa simu yake na kuwatumia watoto tarakimu hizo.

Nne, vyombo vijulikane tabia zao. Pasi ya wati 1,000 humaliza yuniti nzima kwa saa moja ikiwa inapasha moto mfululizo, kwa hiyo sare zipigwe pasi zote kwa siku moja. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hula moja na kidogo tu.

Askari hufundishwa kuhesabu risasi kabla ya kutoka lindoni, asije akaishiwa wakati wa haja. Nyumbani kwake, hesabu ya mita ni ya namna hiyo. Daftari la faranga mia chache na kalamu moja vyatosha kuzuia giza la tarehe ishirini na tano, maziwa ya mtoto kuharibika jokofuni, na maneno makali baina ya mume na mke ambayo hayakuwa na sababu ya kusemwa.